Haki za Mtoto Si Fulana

Vijana wenzangu wa Dzaleka, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, leo tuambiane ukweli. Semina za haki za mtoto tumekaa nyingi. Soda tumekunywa, picha tumepigwa, fulana tumevaa mpaka zimechakaa. Ni semina gani iliyotufundisha kuandika malalamiko na kuyapeleka mbele?

Maana pa kuyapeleka papo. Afrika ina Kamati ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, iko Maseru, Lesotho. Inasimamia Mkataba wa 1990, ambao Malawi iliuridhia 1999. Kifungu cha 23 kinamtaja mtoto mkimbizi waziwazi: alindwe, awe na wazazi au awe peke yake.

Eti hizo ni karatasi tu? Katiba ya Malawi ilikuwa inamhesabu mtoto ni wa chini ya miaka 16. Mwaka 2014 shirika moja la kutetea haki lenye makao Gambia likaishitaki Malawi kwenye Kamati. 2016 serikali ikakubali kupatana, na 2017 Katiba ikabadilishwa: miaka 18. Na kwa watoto Wanubi wa Kenya, kesi ilikuwa imelala mahakamani kwao tangu 2003. Kamati haikungoja iamke. 2011 ikasema Kenya imevunja haki yao ya uraia.

Halafu kuna Mahakama ya Afrika, Arusha. Malawi iliruhusu mtu binafsi kuishitaki huko tangu 2008. Rwanda ilijitoa 2016. Burundi na Kongo hazijaruhusu kabisa. Yaani mlango ambao nchi zetu zimetufungia, tumeukuta wazi hapa ukimbizini, na bado tunaupita kama hatuuoni!

Mei 2023 polisi walipokamata wakimbizi Lilongwe, watoto walikuwemo, na kuna waliopitishwa gereza la Maula kabla ya kuletwa kambini. Hadithi kila mtu anayo. Lakini nani ana daftari lenye tarehe, umri wa mtoto, alilala wapi, usiku mangapi? Hadithi bila tarehe haifiki mahakamani.

Najua, njia ni ndefu. Lazima uanzie mahakama za Malawi, na Kamati haina polisi wa kulazimisha serikali. Wengine wanaogopa majina yao kujulikana. Mkataba wenyewe unasema malalamiko yashughulikiwe kwa siri. Ila serikali iliyoshitakiwa inabidi ijibu kwa maandishi. Tamko la kwenye mkutano nani analijibu?

Kwa hiyo, ndugu wa mashirika, semina ijayo punguzeni soda, leteni mwanasheria. Nasi vijana, tuanze kuandika wiki hii: mtoto aliyekosa cheti cha kuzaliwa, aliyerudishwa shuleni, aliyewekwa mahabusu. Jina, tarehe, mahali. Mtoto wa miaka 15 hawezi kutusubiri. Miaka mitatu tu, na Mkataba huu haumhesabu tena.