Nyayo katika Majivu



Kwa muda wa miezi miwili, kikundi kimoja cha vijana wa parokia hapa Likasi kilikutana kila Jumamosi, baada ya mazoezi ya nyimbo, kusoma riwaya ya Kiswahili. Nakala ilikuwa moja tu, imechakaa, imeletwa na dereva wa lori kutoka Tunduma. Kwa hiyo mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza. Kitabu hicho ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Nataka kusema machache juu ya kitabu, na mengi zaidi juu ya wasikilizaji wake, kwa maana maneno yao ya siku ya mwisho hayajatoka moyoni mwangu.

Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya uandishi wa habari. Hadithi hii, riwaya yake ya kwanza, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Wataalamu wengi huihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa penye mzimu wa watu wa kale. Mahali penyewe panatisha, na hofu peke yake yatosha kumfanya mtu asiulize zaidi. Ndipo anapofika Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, akaanza kuuliza maswali ya kawaida kabisa: nani alikuwa wapi, nani alimwona nani, nani anasema uongo. Mwishoni muuaji anajulikana. Sitawaambia ni nani, msije mkaacha kusoma.

Tulipofunga kitabu, niliwaomba vijana waseme walivyoona. Wengine walilalamikia Kiswahili cha Unguja, ambacho ni kigumu kwa masikio ya Katanga. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kuendelea kusoma. Mama mmoja aliyekuwa akimsubiri mtoto wake alisema kwamba vitabu vya mauaji hufundisha mauaji. Nilimjibu kwa heshima kwamba Kitabu cha Mwanzo hakijafika mbali kabla ya Kaini kumwua Abeli, na kwamba neno la kwanza la Mungu kwa mwuaji lilikuwa swali: yuko wapi ndugu yako? Kuuliza damu ya mtu imemwagwaje si dhambi. Ni kufuata mfano wa Mungu mwenyewe.

Lakini kijana mmoja, mwenye akili na msomaji mzuri, alisema hivi: “Mwandishi ametudanganya. Jina la kitabu linaahidi mzimu, na ndani tunapewa mtu tu.” Karibu nusu ya chumba waliitikia. Walikuwa wamengoja mzimu tangu ukurasa wa kwanza, nao walipopewa binadamu, waliona wamepunjwa. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akajibu kwa sauti ndogo: “Mimi mtu ndiye aliyeniogopesha.”

Nadhani katika maneno hayo mawili mna jambo zito kuliko hukumu juu ya riwaya.

Fungueni Biblia zenu kwenye Danieli, sura ya 14. Wababuloni walikuwa na sanamu iitwayo Beli. Kila siku walimpelekea unga mwingi, kondoo 40 na divai, na kila asubuhi meza ilikuwa tupu. Mfalme alisadiki kwamba Beli ni mungu hai, kwa sababu alikula. Danieli hakubishana naye kwa maneno marefu. Aliomba majivu, akayanyunyiza katika sakafu ya hekalu, kisha mlango ukafungwa kwa muhuri. Asubuhi muhuri ulikuwa mzima na meza tupu, naye mfalme akaanza kumsifu Beli. Danieli akamwonyesha sakafu. Katika majivu mlikuwa na nyayo za wanaume, za wanawake na za watoto. Makuhani 70 na jamaa zao walikuwa wakiingia usiku kwa mlango wa siri na kula vyote.

Danieli alikuwa mtu wa sala kuliko wote waliokuwa pale. Hata hivyo ndiye aliyeomba majivu. Imani yake kwa Mungu wa kweli ndiyo iliyomruhusu kutazama chini na kutafuta nyayo. Aliyeamini sanamu ndiye aliyeogopa kutazama.

Niwaeleze sasa jambo nililoliona hapa kwetu, bila kutaja jina wala mtaa. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja alikufa shimoni alipokuwa akichimba madini. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, udongo ukabomoka. Kwenye kilio, kabla hata ya mazishi, neno lilianza kupita kati ya viti: si bure, kuna mkono wa mtu. Nilidhani watamtafuta mtu aliyewashusha vijana shimoni baada ya mvua ile, tena bila miti ya kushikilia udongo. Sivyo. Walikuwa wakisema juu ya nyanya yake. Eti mwaka uliotangulia alimkaripia. Eti macho yake ni mekundu. Macho ya mwanamke aliyepikia kuni kwa miaka 50 yangekuwa na rangi gani? Usiku ule alifukuzwa, na nyumba yake ikaangushwa. Yule mwenye shimo alileta gunia la unga kwenye kilio, akashukuriwa na wote. Baada ya wiki moja, vijana wengine walishuka katika shimo lile lile.

Hapo nilielewa kazi anayofanya “mzimu” katika kijiji cha riwaya na katika miji yetu. Mzimu haumwui mtu. Mzimu humficha mwuaji. Kila tunaposema “ni ulozi”, kuna mlango wa siri unaofungwa, na nyuma yake yupo mtu anayekula kondoo. Pengine ni mwenye shimo. Pengine ni malaria isiyotibiwa mapema, au maji machafu, au dereva aliyelewa. Na anayelipa ni mnyonge kuliko wote: bibi kizee, mjane, au mtoto yatima anayeishi kwa mjomba. Nchi yetu imeona hatari hii. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, imekataza kumshitaki mtoto kuwa ni mlozi, nayo sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imeliweka tendo hilo kati ya makosa yanayoadhibiwa. Lakini sheria haifiki kwenye kilio saa tano ya usiku. Ninyi ndio mnaofika.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba shetani hayupo; Kanisa linafundisha kwamba yupo. Lakini kujua kwamba shetani yupo hakumpi mtu ruhusa ya kumtaja jirani bila ushahidi. Amri ya nane haina neno “isipokuwa”. Tena, waamini wenzetu waliopenda hadithi za namna hii waliliona jambo hili zamani. Padri Ronald Knox, mwingereza aliyefasiri Biblia nzima, aliandika mwaka 1929 kanuni kumi za hadithi ya upelelezi, na moja yao ni kwamba nguvu zisizo za kawaida haziruhusiwi kuwa jibu la fumbo. G. K. Chesterton, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1922, alimbuni mpelelezi ambaye mwenyewe ni padri, Father Brown. Katika hadithi ya kwanza kabisa padri huyo anamgundua mwizi aliyevaa mavazi ya padri, na kilichomfichua ni kwamba mwizi alianza kuidharau akili ya binadamu. Padri wa kweli, kwa maoni ya Chesterton, asingefanya hivyo.

Kijana yule aliyekata tamaa namwelewa. Mzimu unatuliza. Ukishasema ni mzimu, huna la kufanya ila kuogopa na kutoa sadaka. Ukisema ni mtu, inakupasa kuuliza, kusikiliza, kulinganisha maneno, na pengine kugombana na mwenye nguvu. Msichana wa nyuma alisema kweli: mtu anaogopesha zaidi. Lakini mtu anaweza kuzuiwa, anaweza kushitakiwa, na anaweza pia kutubu.

Neno hilo la mwisho ndilo ninaloona limepungua katika riwaya nyingi za upelelezi, hata zile nzuri. Jina la mwuaji likishatajwa, kitabu kinafungwa. Katika mazungumzo yetu yote, hakuna aliyewakumbuka waliofiwa. Maiti alikuwa amekuwa fumbo tu, nasi tulifurahi kulifumbua. Father Brown hakuishia hapo. Alimfuata Flambeau, mwizi mkubwa, mpaka akaacha wizi. Basi tusome vitabu hivi kwa furaha, lakini tusijifunze kumtazama marehemu kama mchezo.

Tujifunze vilevile uvumilivu wa Bwana Msa, ambaye hatangazi jina kabla ya kupata hakika. Na kama mnadhani mtu wa akili hakosei kamwe, kumbukeni kwamba Abdulla mwenyewe alitoa baadaye, mwaka 1984, riwaya aliyoiita Kosa la Bwana Msa. Anayetafuta ukweli hukosea pia. Tofauti yake na mwenye kutuhumu ni kwamba yeye anaendelea kutazama sakafu.

Siku moja, katika mtaa wenu, mtakaa kwenye kilio, na neno litaanza kupita kati ya viti. Wakubwa watakuwapo, nanyi mtaona haya kusema. Semeni kwa heshima, lakini semeni: Baba, Mama, tumeuliza alikuwa wapi? Tumeuliza daktari amesema nini? Tumeuliza nani alimtuma? Nanyi mkishindwa kuwanyamazisha, nendeni mkakae karibu na bibi kizee yule mpaka kuche.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Je, umewahi kusikia mtu akitajwa kwenye kilio bila ushahidi? Nani alinufaika na neno lile?

2. Someni Danieli 14, mstari wa 1 mpaka 22. Katika mtaa wetu, “majivu” ni nini, na nani anaweza kuyanyunyiza?

3. Tunaweza kufanya nini, sisi kama kikundi, kwa mzee au mtoto aliyekwisha kufukuzwa nyumbani?