Waya si waya tu

Wacha niseme hii kitu wazi, hata kama kuna watakaonuna: mnara wa antena haushikiliwi na bomba, unashikiliwa na waya. Na hapa Ganjoni waya ndiyo watu wanachagua mwisho, pesa ikishaisha.

Mtu ana leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, ana jina lake la hewani la 5Z4, ana redio ya maana. Anataka mnara wa mita 20 aongee na Japani. Sawa kabisa. Muulize atatumia waya gani: "Aah, waya ni waya." Wapi!

Sisi tuko kisiwani. Chumvi iko hewani usiku na mchana. Angalia grili za madirisha yenu. Sasa ile waya laini ya kufungia nondo, haina hata zinki, unaipa kazi ya kushika mnara kusi likivuma? Na kamba ya nailoni inavutika, halafu jua linaila. Hiyo anikia nguo.

Waya ya kazi hii ni ya chuma kigumu, nyuzi saba zilizosokotwa, zimepakwa zinki. Ile ya robo inchi ya daraja la juu hukatika kwa mzigo wa kama tani 3. Kuikaza, watu wanaojua huenda asilimia 10 ya hapo, yaani kilo 300 hivi. Ila kipande cha karibu mita 10 kinaitika mawimbi ya 14 MHz na kuvuruga antena, kwa hivyo unaikatakata na kuunganisha kwa vikombe vya kauri. Ukiwa na pesa, kuna kamba ya aramidi, ukoo mmoja na Kevlar: haipitishi umeme, haishiki kutu. Lakini ganda lake likichubuka, jua linaiharibu.

Na nyinyi wa "weka steinlesi usahau kutu", msisahau chochote. Maji ya chumvi yanajificha chini ya klipu na kuila pale usipoona.

Halafu nafasi. Mnara wa mita 20 unataka waya zishike ardhi mita 12 hadi 16 kutoka kwenye shina, pande tatu. Ni ploti ngapi Ganjoni zina hiyo nafasi, na vile fleti zimebanana? Kwa hivyo watu wanazifunga karibu karibu. Waya ikisimama wima sana inaukandamiza mnara chini badala ya kuuzuia usiyumbe. Wengine wanafunga kwenye ukuta wa jirani. Huo si ujanja, ni kumwekea jirani hatari bila kumuuliza.

"Mbona wangu umesimama miaka mitatu?" Kutu haipigi kelele, bro. Kule Konstantynów, Polandi, kulikuwa na mnara wa redio wa mita 646, mrefu kuliko kitu chochote kilichojengwa duniani wakati huo. Tarehe 8 Agosti 1991 ulianguka, na ulianguka wakati waya zake zinabadilishwa. Na hao walikuwa mafundi wa kazi hiyo, si mimi na wewe na ngazi ya kuazima.

Mtasema mimi niliacha chuo, najua nini. Hii haitaki digrii, inataka tepu ya kupimia. Pima ploti kwanza. Halafu nunua waya. Urefu wa mnara uje mwisho. Ploti au mfuko ukikubali mita 9 tu, simamisha mita 9 na ulale usingizi. Japani utaipata siku hewa ikiwa nzuri.

Mama anayeanika nguo hapo chini hana leseni ya redio, na hakuomba kuongea na Japani. Asilipie yeye waya uliyoikwepa wewe.

Wenye minara, kagueni klipu zenu wikendi hii, mtuambie mmekuta nini.