Rwanda hutumia kidogo kuliko sisi, mbona kina mama wake wako salama zaidi?

Mjadala wa SHA ukianza pale stendi ya Karatina, hakosi mtu wa kusema shida ni pesa tu: serikali imwage mabilioni hospitalini, kisha mambo yatanyooka. Kabla hujakubali, tazama wenzetu.

Marekani hutumia takriban asilimia 17 ya pato la taifa kwa afya. Japani hutumia kama asilimia 11. Lakini mwaka 2023 Mmarekani alitarajiwa kuishi miaka 78, Mjapani 84. Ni kweli bunduki na dawa za kulevya zinamaliza vijana wengi kule, na hilo si kosa la daktari. Hata hivyo, pengo la miaka sita halijazwi na bunduki peke yake.

Sasa njoo karibu. Rwanda hutumia pesa kidogo kuliko Kenya kwa afya ya kila raia. Sensa yetu ya 2019 ilikuta kina mama 355 wakifariki kutokana na uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Utafiti wao wa 2019/20 ulikuta 203, na mwaka 2000 walikuwa zaidi ya 1,000. Hesabu hizi hazikufanywa kwa njia moja, kwa hivyo usipigane juu ya tarakimu ya mwisho. Lakini wenzetu wana bima ya Mutuelle karibu kila boma, maskini kabisa wakilipiwa, na wahudumu wa afya kila kijiji. Mtu akiugua, sehemu kubwa ya bili ilishalipwa.

Na usidhani hayo ni ya Kigali tu. Sisi Nyeri tumeyaonja. Desemba 2018 Uhuru Kenyatta alipozindua Afya Care, kaunti nne za majaribio zilikuwa Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri, yetu ikichaguliwa kwa sababu ya kisukari na presha. Ada zikaondolewa kwenye hospitali za kaunti. Foleni zikarefuka, wengine wakivuka kutoka kaunti jirani, dawa zikawa zinaisha mapema. Wengi walisema mradi umefeli. Mimi nasoma foleni ile tofauti: wale walikuwa wagonjwa tangu zamani, walikuwa wamejikalia nyumbani.

Presha haiumi, hiyo ndiyo shida yake. Shosho wako kule Mukurweini akiwa na mia mbili, achague kati ya unga na tembe, tembe zitangoja. Ataletwa hospitalini siku mdomo umepinda, na bili ya kitanda itameza bei ya tembe za miaka.

Tangu Oktoba 2024 tuko na SHA. Mwenye payslip hukatwa asilimia 2.75. Wewe wa boda, au mama mboga wa Chaka, unatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Hata kwa kiwango cha chini cha 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600 kwa mwaka. Zahanati na kituo cha afya ni bure ukijisajili. Ukitumwa hospitali kubwa bila mchango, unarudi palepale pa zamani, mbele ya keshia.

Kwa hivyo 2027, mwanasiasa akisimama Whispers Park kutangaza mabilioni ya afya, mpigie makofi ukitaka. Kisha muulize ni nani atalipia tembe za shosho ule mwezi ambao majani chai hayajalipwa.