Bastola ya San Francisco na Mishale ya Mwanza

Wako vijana katika vyuo vyetu waijuao bastola ya Inspekta Harry Callahan kuliko walijuavyo jina la mti uliopandwa mbele ya darasa lao. Waulize, nao watakujibu bila ya kusita kwamba katika picha ya Dirty Harry ya mwaka 1971 askari kanzu yule, aliyechezwa na Clint Eastwood, alibeba Smith & Wesson Model 29, bastola ya risasi sita, kipimo chake .44 Magnum, tena watabishana usiku kucha kama alipiga tano au sita. Sina ugomvi na elimu hiyo. Mtu asiyeweza kupambanua gobori na bastola hana haki ya kujigamba kwamba ameifahamu hadithi ya polisi na mwizi. Ugomvi wangu waanza pale elimu hiyo inapofika Mwanza ikazimika.

Picha nisemayo ni Darwin's Nightmare, aliyoitoa Hubert Sauper wa Austria mwaka 2004. Si hadithi ya kubuni. Yaonyesha sangara, samaki aliyeletwa katika ziwa letu katikati ya karne iliyopita akawala furu hata wengi wakatoweka; yaonyesha viwanda vya minofu, mapanki yakikaangwa kwa walaji maskini, na marubani wa ndege kubwa za Ilyushin Il-76 wachukuao minofu kwenda Ulaya. (Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka uleule wa 1971, bastola ya Callahan na ndege ya sangara ni marika.) Swali lirudiwalo katika picha nzima ni moja: ndege hizi zikija Mwanza huja na nini? Na jibu ambalo mtazamaji huondoka nalo ni silaha.

Basi, ewe kijana hodari wa kutambua silaha, nitajie silaha hizo. Ni za aina gani? Zatoka kiwanda gani? Hutaweza, kwa kuwa hatuonyeshwi sanduku hata moja la bunduki likishushwa katika uwanja wa Mwanza. Tulilo nalo ni maneno. Mwandishi wa habari wa mjini aeleza ayajuayo. Rubani mmoja, mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akiri kwamba aliwahi kupeleka Angola vyombo vikubwa mfano wa vifaru, kisha akapitia Johannesburg kupakia zabibu za Ulaya. Ushahidi huo ni mzito, nami siudharau hata kidogo. Lakini ni ushahidi wa Angola na Johannesburg. Msomi anayeuchukua akauandika kuwa ni ushahidi wa Mwanza afanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekatwa alama kwalo.

Nakusikia ukishangilia, wewe uliye upande wa pili. Ngoja kwanza. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu picha hiyo hadharani, na huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon akaiandikia kitabu kizima cha kuipinga. Mabishano yakafika mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimtia Garçon hatiani kwa kumkashifu Sauper. Tangu hapo twasikia hoja nyepesi ikipita midomoni mwa watu: bunduki hazikuonekana, kwa hiyo picha yote ni uongo. La hasha! Kutoonekana kwa bunduki kwathibitisha kwamba bunduki hazikuonekana, basi. Hakuyafanyi mapanki kuwa minofu, wala hakuwaondoi watoto wa mitaani wanaolala nje.

Na kosa kubwa zaidi, walilolifanya wote wawili, mshitaki na mtetezi, ni hili: silaha imo katika picha, tena imeshikwa mbele ya macho yetu, wala hapana aliyejishughulisha nayo. Ni upinde na mishale ya sumu mkononi mwa mlinzi wa usiku, katika taasisi ya utafiti wa samaki. Mlinzi huyo aeleza kwamba aliyemtangulia katika kazi hiyo aliuawa na wezi. Mshahara wake ni dola moja kwa usiku mmoja. Asema vilevile kwamba wako watu wangefurahi vita vikija, kwa kuwa jeshi hulipa.

Mgeni wa Ulaya akiuona upinde ule huona ushenzi, au huona shairi. Mtu wa Usukumani hana sababu ya kuona lolote katika hayo. Aijua silaha hiyo. Tangu miaka ya 1980 mwanzoni, wezi wa ng'ombe walipozidi, sungusungu walilinda vijiji kwa pinde na mishale, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini pale kijijini upinde ulikuwa wa watu wengi, na yowe moja liliwatoa wote nje. Mlinzi wa kando ya ziwa yuko peke yake gizani, akilinda mali ya serikali kwa silaha iliyoacha watu wake nyumbani. Huo ndio ushahidi usiohitaji rubani wa kukiri: twajua ni silaha gani, ameishika nani, kwa ujira gani, na nani alikufa kabla yake. Mpelelezi gani angetaka zaidi?

Nao ulimi wetu hauna upungufu wa kuieleza. Kiswahili kina upinde na upote wake, kina podo, kina wano na chembe. Kila sehemu ina jina, na majina hayo ni ya kale kuliko bunduki, neno tulilopewa na Waarabu, na bastola, tuliyoiokota kwa Wareno. Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu kipande hicho cha picha, nikawaomba waiandike silaha ile, sehemu kwa sehemu. Mmoja aliandika podo. Waliobaki waliandika "mfuko", na wawili kati yao wakauliza kama wangeweza, badala yake, kuieleza bastola ya Callahan.

Niliwakatalia. Muhula huu swali hilo litarudi, na alama zake zimeongezwa.