Kijito kisichokuwa kwenye ramani

Nilisimama ukingoni mwa kijito nje ya Kitale, simu mkononi. Ramani yasema shamba la mahindi. Maji yanipita miguuni.

Ramani nyingi za mito huchorwa na kompyuta, kwa vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha Endeavour Februari 2000. Penye msitu, rada ile ilipima miti zaidi kuliko ardhi. Penye kinamasi tambarare kama Saiwa, kompyuta hubahatisha tu njia ya maji. Na kijito cha hatua tatu kitaonekanaje kwenye vipimo vya kila mita 30, au 90?

Maji haya huingia Nzoia, yakapita Webuye kule Bungoma, hadi Budalang'i kwenye mafuriko. Sabaki yetu nayo imechorwa kwa vipimo hivyo hivyo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji itume watu watembee kingoni, wakiwa na wenyeji.