Mita 60 za Ufukwe

Siku hizi kila mwenye kalamu akiuandika mji wa Mwanza huanza na mawe. Ataandika juu ya Jiwe la Bismarck, ataandika juu ya jua linapozama ziwani, kisha atamaliza kwa kulalamika kwamba vivutio vyetu havijatangazwa vya kutosha. Nimechoka kusoma maneno hayo. Ugomvi wangu katika kurasa hizi chache hauhusu matangazo. Ninachosema ni kwamba mji huu umeyafanya mapumziko kuwa haki ya mgeni, na mwenyeji umemwachia baa.

Tuanze na maneno yenyewe, maana nimefundisha Kiswahili miaka mingi na tabia haina dawa. Kivutio ni kile kinachovuta. Kinamvuta nani? Ukisoma vijitabu vya utalii utaona kwamba anayevutwa ni mtu wa mbali, mwenye kamera shingoni, aliyepita hapa akiwa njiani kwenda Serengeti. Kupumzika ni jambo jingine. Neno hilo limo katika ukoo wa pumzi. Aliyepumzika ni yule aliyerudishiwa pumzi yake. Burudani nayo ni ndugu wa baridi, yaani kupozwa. Sasa nakuuliza, ndugu msomaji: fundi cherehani wa Mkuyuni, mama anayeuza dagaa pale Kirumba Mwaloni, mwalimu wa shule ya msingi kule Buhongwa, hawa hupozewa wapi siku ya Jumapili?

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni moja. Ziwa lililo mbele yao lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hakuna ziwa kubwa kuliko hilo Afrika nzima. Hata hivyo mtu akitaka kukaa kando ya maji hayo kwa saa moja, bila kununua kitu na bila kuulizwa anamtafuta nani, itambidi azunguke sana. Hapa panaanza ukuta wa nyumba ya mkubwa, pale ni hoteli, mbele kidogo ni karakana, kisha ghala, kisha senyenge ambayo hakuna ajuaye inalinda nini.

Miezi michache iliyopita nilitembea na wajukuu wangu wawili hadi ufukwe mmoja huku upande wetu wa Nyegezi. Jina la mahali sitalitaja. Palikuwa na uzio wa mabati, na langoni amesimama kijana mwenye sare. Alinipa shikamoo kwa adabu zote, kisha akauliza, "Babu, mnakuja kula au kunywa?" Nikamjibu, "Tunakuja kutazama maji, mwanangu." Akaona haya, akatazama chini. "Babu, kutazama tu hawaruhusu. Angalau mchukue soda." Bei ya soda tatu za pale ingetosha kununua fungu la samaki sokoni pamoja na nyanya na vitunguu vyake. Yule kijana simlaumu hata kidogo, ameajiriwa kulinda lango. Ninalolilaumu ni lango.

Nasikia wapo watakaosema: mzee huyu anataka vya bure. Naam, nataka vya bure, na nina sheria mkononi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, bahari au mto. Mita 60 ni hatua mia moja hivi za mtu wa umri wangu. Najua sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya watembeaji. Iliandikwa ili kulinda kingo zisimomonyoke na maji yasichafuliwe. Lakini ardhi ambayo serikali imekwisha sema kwamba hapafai kujengwa itumike kwa kazi gani nyingine inayofaa kuliko njia ya miguu, miti ya kivuli na benchi? Kitu cha ajabu ni kwamba mita hizo 60 huonekana waziwazi kwa mama anayelima mchicha kando ya maji, huyo huja kufukuzwa mapema. Anayemwaga zege hupimiwa kwa kamba nyingine, yenye kunyumbulika.

Nilipouliza jambo hili katika mkutano wa hadhara, nilijibiwa kwamba hoteli zinaleta ajira. Sibishi. Mimi mwenyewe nimefundisha vijana ambao leo ni wapishi na wahudumu katika hoteli hizo, na wanasomesha watoto wao kwa mshahara huo. Sijaomba hoteli yoyote ivunjwe. Naomba kwamba mbele ya hoteli, kati ya meza zake na mawimbi, pabaki ukanda ambao mtu apite akiwa na mwanawe begani bila kuomba ruhusa. Mteja wa hoteli hatapoteza ladha ya sato wake kwa kuwa watu wanapita.

Hoja ya pili niliyopewa ni takataka: ati wananchi wakiachiwa ufukwe watauchafua. Hoja hii huniudhi kuliko zote, kwa sababu hutolewa na watu wasiowahi kuweka hata pipa moja. Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule zenye watoto mia kadhaa, na ninajua kwamba uwanja usio na pipa, usio na zamu na usio na mwenyewe huchafuka hata wakisoma hapo watoto wa maaskofu. Uwanja wenye zamu husafishwa kabla ya kengele ya kwanza.

Hoja ya tatu ni nzito na lazima niiheshimu, nayo ni kichocho. Ugonjwa huu umejaa katika kingo za ziwa letu. Vimelea vyake hukaa katika konokono wadogo wa majini, hutoka humo na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kucheza katika maji ya pembeni yaliyotulia yenye majani. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote apeleke watoto wakaogelee popote wanapotaka. Lakini angalia mambo yalivyo. Watoto wanaoga ziwani kila siku, kwenye vichochoro vya mialo na katikati ya matete, mahali ambapo hakuna bango wala choo wala mtu mzima. Ufukwe wa umma wenye vyoo na bango la onyo lililoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka ungepunguza hatari hiyo, maana choo ndicho kinachozuia mayai ya kichocho yasifike majini. Kufunga ufukwe hakujamkinga mtoto yeyote na konokono. Kumemhamisha tu.

Hapo zamani wakubwa wa nchi hii waliwahi kufikiri vingine. Mwaka 1964, Uhuru ukiwa na miaka mitatu tu, serikali ilikichukua kisiwa kilichokuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, ikaanzisha humo bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. (Wanafunzi wangu walidhani jina la Saa Nane linatokana na saa ya ukutani, na sikuwahi kupata darasa ambalo halikucheka nilipowaeleza.) Wazo lilikuwa kwamba mtu wa mjini, asiye na gari wala uwezo wa kwenda mbugani, naye apate kuwaona wanyama wa nchi yake. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Ni pazuri: kuna swala, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, tumbili, mamba na ndege wengi. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, na hilo ni jema. Lakini zidisha kiingilio hicho kwa mama, baba na watoto watano, ongeza boti, ongeza daladala ya kwenda na kurudi, utafahamu kwa nini watoto wengi wa Mabatini hukiona kisiwa hicho kutoka ng'ambo.

Wala mtu asiniambie kwamba Mwafrika hakuwa na desturi ya mapumziko. Wasukuma walikuwa na msimu mzima wa kupumzika. Mavuno yakiisha, kuanzia mwezi wa Juni, vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilishindana uwanjani. Makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, huku na huku, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Watazamaji walipiga kura kwa miguu yao! Hakuna aliyelipa kiingilio, na maskini mwenye jembe moja alikuwa hakimu sawa na mwenye ng'ombe mia mbili. Mchezo huo haujafa. Hadi leo, baada ya Sikukuu ya Ekaristi, watu hufurika Bujora, karibu na Kisesa, kwenye sherehe za Bulabo kutazama wachezaji wa majembe na wachezaji wa nyoka.

Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora yaliasisiwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na wazee wenyeji. Inanishangaza kwamba Mkanada alikuja kutukumbusha thamani ya ngoma zetu, na ningependa tujifunze jambo jingine moja kutoka kwao. Mmoja wa vijana niliowafundisha anaishi Toronto. Mji huo nao uko kando ya ziwa, Ziwa Ontario, ambalo halifikii hata theluthi moja ya letu. Nilipomwuliza watu hutembelea nini huko, nilitegemea anieleze mnara wa CN, wenye mita 553, uliofunguliwa mwaka 1976. Akaniandikia kwamba mnarani hupanda wageni. Wenyeji, majira ya joto yakifika, hushuka ziwani na mkate wao mfukoni, au hupanda kivuko cha mji kwenda visiwani, ambako magari binafsi hayaruhusiwi, watoto wakakimbia kwenye majani mpaka jioni.

Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Reli, viwanda na maghala viliziba ufukwe wa Toronto kwa vizazi kadhaa, kisha ikajengwa barabara kuu juu ya nguzo ikawakata watu na maji kabisa. Mwaka 1972 serikali yao ililazimika kununua sehemu ya ardhi ya bandarini ili kuanza kuwarudishia wananchi ufukwe. Walinunua kile walichokuwa nacho! Na wao ni matajiri. Sisi tukiuachia ufukwe wetu wote leo, wajukuu wetu watatumia fedha gani kuununua tena?

Najua mji unapendeza zaidi kuliko zamani. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na watu wanasafiri kwenda kulitazama tu, wakapiga picha na kurudi. Watu hao hawaendi kule kwa kuwa wanapenda saruji. Wanakwenda kwa sababu ni mahali palipo juu ya maji ambapo hapana mtu wa kuwauliza watakunywa nini.

Kama ningepewa madaraka kwa mwaka mmoja, nisingejenga mnara wala sanamu ya samaki. Ningewatuma wapimaji wa halmashauri zote mbili watembee kwa miguu ukingoni, kutoka Luchelele na Sweya hadi Kirumba na kuendelea, wachore ramani ya kila mahali ambapo mita 60 bado ziko wazi, na ramani hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila kata ili asiwepo wa kudai hakujua. Mialo ya wavuvi ibaki ya wavuvi. Panapobaki, pawekwe nguzo za mipaka, vyoo, na miti ipandwe sasa, maana mti mwema wa kivuli huchukua miaka 15 na mimi sina miaka hiyo ya kuchezea. Chuo cha Ualimu Butimba, jirani yetu, kimesifika kwa kufundisha walimu wa muziki na michezo. Wanachuo wake wakipewa uwanja kando ya maji Jumapili moja kila mwezi, watapata mahali pa kufanyia mazoezi na mji utapata ngoma bila kiingilio.

Ningeanzia Nyegezi. Stendi ya mabasi iko hapa, na kila siku wako abiria wanaosubiri magari kwa saa nyingi, wengine wana watoto wachanga, wengine wametoka kuuguza Bugando. Ziwa haliko mbali nao. Pakiwepo njia moja iliyo wazi hadi majini na mabenchi 20 ya zege chini ya miti, watakuwa na pa kungojea pengine zaidi ya juu ya mizigo yao.