Kibali cha maabara kinamhusu na mkulima

UTAFITI wa mbegu na magonjwa ya mimea hauanzii shambani. Mara nyingi huanzia maabara ya chuo kikuu, ambako mtafiti huotesha vimelea vya ugonjwa au hubadilisha vinasaba vya mmea. Kazi hiyo huhitaji kibali cha usalama, na kibali hicho kinamhusu mkulima wa muhogo au mahindi kama kinavyomhusu profesa.

Sababu iko wazi. Kimelea kikiponyoka, hasara huangukia shamba la jirani. Chavua ya mahindi huchukuliwa na upepo. Mfanyabiashara naye hayuko pembeni, maana mnunuzi akiuliza kama mahindi yake yamechanganyika na ya GMO, jibu linategemea uimara wa uzio wa majaribio.

Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Cartagena mwaka 2003, ikapitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004 na kanuni za usalama wa bioteknolojia mwaka 2009. Kanuni hizo zilimbana mhusika alipe fidia hata kama hakuzembea, na watafiti wakasita. Mwaka 2015 zililegezwa kwa upande wa utafiti, na Oktoba 2016 mahindi ya GMO ya kustahimili ukame yakapandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yasitishwe na mabaki yateketezwe.

Miaka ya kazi ikaishia hapo. Tunachojifunza ni kwamba kibali cha kwenye karatasi hakitoshi kama wananchi hawajui kilichoruhusiwa, kwa masharti gani na nani anakagua. Ni wakulima wangapi waliopata kuelezwa hayo kwa Kiswahili?

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila chuo kinachofanya utafiti wa aina hii kiwe na kamati ya usalama inayofanya kazi kweli: ikague milango, uteketezaji wa taka na mafunzo ya wafanyakazi, si kugonga muhuri tu.

Pili, muda wa kujibu maombi ujulikane. Maabara hupangwa katika ngazi nne kulingana na hatari. Kazi ya ngazi ya kwanza isipangwe foleni moja na ya ngazi ya tatu. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili akikosa msimu mmoja wa mvua, amepoteza mwaka, na mkulima anayesubiri suluhisho la ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo amepoteza naye.

Tatu, kila kibali kiwe na muhtasari wa Kiswahili utakaobandikwa ofisi ya kata iliyo jirani, na wakulima wapewe nafasi ya kuuliza kabla ya uamuzi, si baada yake.

Hatusemi milango ifunguliwe ovyo, wala hatusemi ifungwe. Tunasema anayebeba hasara mambo yakiharibika ashirikishwe tangu mwanzo. Wahusika walifanyie kazi suala hili mapema.